Kilima Kilicho Chini ya Zulia

Mwanangu aliniapisha kabla hajanipa chai.

"Dakika kumi, baba," alisema, kikombe bado kakishikilia upande wake wa meza. "Kumi tu. Husomi barua zako. Humsemi mtu. Na hupandishi sauti."

"Sauti yangu ndiyo hii hii, haijui kushuka."

"Baba."

"Haya, nimeapa. Lete hiyo chai, inapoa."

Mwanangu ni mwalimu wa darasa la nne, na ndiye aliyebebeshwa Wiki ya Urithi wa Asili: mazungumzo na wananchi, maonyesho ya picha za watoto, masomo ya nje ya darasa. Ofisi ya mji ilitoa ukumbi, zulia na hotuba ya ufunguzi. Yaliyobaki yote yalikuwa yake. Jumamosi saa nne alihitaji mtu wa kuzungumzia kilima, na katika mji huu kilima hakina msemaji mwingine ila mimi. Watu wananiita Barua. Jina nililopewa nilipozaliwa wanalijua wachache, nao wengi wao wameshazikwa. Nimeandika barua kuhusu kilima kile kwa miaka thelathini na moja. Nakala zote ninazo, zimefungwa kwa kamba chini ya kitanda, na ukiniamsha usingizini nitakutajia tarehe ya kila moja, siku ya wiki, na nani hakujibu.

Kilima chenyewe hakipo. Nalisema mapema usije ukakitafuta. Kilisimama nyuma ya mji, si kirefu, mtoto wa miaka sita angefika juu bila kubebwa. Jiwe lake lilikuwa la kijivu, tulivu, linakatika vizuri, na hilo ndilo lililokiua. Kikaingia kwenye ngazi za benki, kikaingia kwenye nguzo za mahakama, kwenye kingo za barabara na kuta za hospitali, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka asubuhi moja tukaamka upepo unatupiga kutoka upande ambao haukuwahi kutupiga. Leo pale pana shimo lenye maji ya kijani, uzio, na kibao kinachokataza kila kitu.

Kipande kikubwa cha kilima kilichobaki mahali pamoja ni sakafu ya ukumbi wa mji. Mabamba mia tatu na arobaini na mawili. Na wiki mbili kabla ya Jumamosi ile nilipita kwenye ujia wa ukumbi nikakuta maboksi ya vigae vya kiwandani, vyeupe, vinavyong'aa kama meno ya bandia, yamepangwa mpaka usawa wa kifua. Nikauliza. Nikaambiwa Jumatatu baada ya Wiki ya Urithi fundi anaanza kuvunja sakafu ya zamani. Imechakaa, inaonekana chafu hata ikisafishwa, haipendezi kwenye picha.

Kwa hiyo elewa nilivyokaa mezani kwa mwanangu nikinywa chai ya kiapo. Ndani ya koti nilikuwa na kurasa kumi na moja.

*

Nilifika saa mbili, ukumbi bado haujafunguliwa rasmi. Nilitaka kuiona sakafu kwa mara ya mwisho nikiwa peke yangu. Sikuiona. Ofisa utamaduni alikuwa ameitandika zulia jekundu kutoka mlangoni hadi jukwaani, na pande zote mbili mazulia mengine ya rangi ya majivu, kuta hadi kuta. Pembe moja tu nyuma ya jukwaa ilikuwa wazi, na hapo palikuwa na shimo la bamba moja. Fundi vigae alilivunja Alhamisi kupima unene.

Nilisimama pale nikiangalia lile shimo kama mtu anavyoangalia pengo la jino kwenye mdomo wa ndugu yake.

Halafu nikazitazama kuta, ndipo damu ikaanza kunichemka. Urithi wa Asili wa Eneo Letu, ndivyo bango lilivyosema, na chini yake: simba. Tembo watatu. Mlima wenye theluji. Ndege wekundu wenye miguu mirefu wamesimama kwenye ziwa ambalo mtu wa hapa hajawahi kuliona. Picha hizo ofisa alikuwa amezikata kwenye kalenda. Simba wa mwisho kuonekana katika eneo letu ni yule aliyechorwa kwenye gunia la saruji. Na watoto nao, maskini, walipoambiwa wachore asili, wamechora tembo. Tembo thelathini na nane ukutani. Mmoja ana viatu.

"Usiwacheke," sauti ilisema nyuma yangu. "Walichora walichoonyeshwa."

Alikuwa Mama Ndoo, msafishaji wa ukumbi. Mwanamke mfupi, mikono mipana, ndoo yake imetangulia mbele kama kawaida.

"Siwacheki watoto. Ninamcheka aliyewaonyesha."

"Na mimi je, nani ameniuliza? Tangu jana sijapiga deki. Wamewafunika watoto wangu." Aligonga zulia kwa kisigino.

"Watoto gani, mama?"

Akaniangalia kama anayepima kama nitamcheka.

"Wa kwenye sakafu. Wale wanaotoka na maji."

Mimi kumsikiliza mtu ni habari ya gazeti, lakini nilisogea nimsikilize.

"Miaka kumi na tisa nafanya kazi hapa," alisema. "Kila asubuhi nikipitisha dekio, wanatoka. Yupo mmoja kajikunja, mkubwa hivi, kama sahani. Namwita Bwana Mkubwa, yuko dirisha la tatu. Wapo wadogo wadogo wa mviringo, kama vifungo. Wanakaa dakika mbili tatu, sakafu ikikauka wanarudi. Nilimwambia ofisa wa kwanza, akasema nipunguze sabuni. Wa pili nikamwambia, akasema nimuone daktari wa macho. Huyu wa tatu sikumwambia."

Alipiga goti, akakunja pembe ya zulia chini ya dirisha la tatu, akaibana kwa goti lake. Bamba lilikuwa kavu, la kijivu, lisilo na lolote, lililosuguliwa na viatu vya miaka. Nami nililijua. Pembeni lilikuwa na alama tatu za patasi, kama kila bamba nililolikata, na patasi ile ilikuwa yangu.

Akakamua dekio. Akalipitisha mara moja tu.

Jiwe likawa jeusi, na ndani ya weusi ule akatoka.

Alikuwa amejikunja kama pembe ya kondoo, mzunguko ndani ya mzunguko, na kila mzunguko una mbavu, na kila ubavu una kivuli chake. Mbavu zilianza nene ukingoni, zikapungua, zikapungua, zikaingia katikati mpaka jicho likashindwa kuzifuata. Mweupe kama maziwa ndani ya jiwe jeusi. Pembeni yake, kana kwamba mfuko umemwagika: vifungo, vingi, vina matundu katikati yenye umbo la nyota. Huwezi kuamini kuna kitu kilipata nafasi ya kuwa nadhifu namna ile bila ya mtu kukiangalia.

Nilipiga magoti. Niliweka kiganja juu yake. Baridi. Na mbavu nilizisikia kabisa, zimeinuka kidogo. Jiwe laini la pembeni limeliwa na nyayo za watu, arusi na mikutano na mitihani, na yeye mgumu akabaki, akainuka. Mji ulimkanyaga mpaka akatoka nje.

Mimi ninayekumbuka kila kitu, hilo nilikuwa nimelisahau. Machimboni hatukukata bamba bila kulilowesha. Tulikuwa na gunia la maji, unaliburuta juu ya jiwe, jiwe linajisoma: hapa pana ufa, hapa pana mshipa, hapa pana pembe ya kondoo. Ndivyo tulivyowaita hawa. Pembe ya kondoo, vifungo, sega, kalamu. Kila mkata mawe aliwajua. Miaka thelathini na moja niliandika juu ya vibali, sahihi na mihuri, na katika barua zote zile, naapa, hamna pembe ya kondoo hata moja.

"Unalia?" Mama Ndoo aliuliza.

"Vumbi."

"Vumbi wapi, nimetoka kulowesha."

"Nani amegusa zulia?" Ofisa utamaduni alikuwa mlangoni, tai imekaza shingo, simu mkononi. Ni kijana wa haki, nikubali, hana ubaya, ila ana ugonjwa wa kupendezesha. "Mzee Barua, shikamoo. Tafadhali. Mama, tafadhali. Mgeni rasmi yuko njiani! Mnalowesha zulia la watu!"

"Marahaba. Njoo uone kitu hapa."

"Nitaona, nitaona, baadaye."

Akakunjua pembe ya zulia, akaikanyaga ilale. Bwana Mkubwa akarudi gizani.

*

Saa nne ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi hakuja. Alituma salamu, nazo zilisomwa kwa urefu kuliko ambavyo angezungumza mwenyewe. Watoto wa darasa la nne walikaa mbele, juu ya zulia. Wazazi kwenye viti. Fundi vigae alikuwa amesimama nyuma na mfuko wake wa vifaa begani, maana aliambiwa aje kuchukua vipimo vya mwisho watu wakitoka. Mwanangu aliniita jukwaani, na alipopita karibu alinibana mkono. Sikujua kama ni upendo au onyo.

Nilikuwa na nia njema. Kisha nikaona tembo mwenye viatu juu ya kichwa cha ofisa, nikatoa kurasa.

Nilisoma ukurasa wa kwanza. Nilisoma wa pili. Tarehe, barua, kimya. Tarehe, barua, kimya. Sauti ilipanda, sikuipandisha mimi. Mzazi mmoja alianza kuangalia simu. Watoto wakaanza kuchokozana. Ofisa akagonga saa yake kwa kidole. Nikamwona mwanangu ameinamisha kichwa, namna ile ile alivyokuwa akiinamisha akiwa mdogo, anafanya hesabu zake upande wa pili wa meza, nami nimeinamia barua simwoni. Amekua akiutazama mgongo wangu, yule. Hilo nalo halimo kwenye kurasa.

Ukurasa wa nne ulianza hivi: Waliokikata kilima ni wafuatao. Majina kumi na sita na vyeo vyao. Nilisoma la kwanza. Nikasoma la pili. Nilikuwa nimerudi hadi ukingo wa nyuma wa jukwaa, juu ya lile shimo, na nilipofungua mdomo kwa la tatu macho yakaniangukia pale, kwenye ukingo wa bamba la jirani. Alama tatu za patasi.

Hapo nikaishusha karatasi. Mtu aliyekigonga kilima kwa nyundo hakuwamo kwenye orodha. Alikuwa amesimama jukwaani ameishika.

"Baba?" mwanangu alinong'ona.

"Nilikikata mimi," nilisema.

Simu zikashuka.

"Hawa walitia sahihi. Mimi nilikata. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa hodari, muulizeni yeyote aliye hai. Hii sakafu mnayoikalia nimeikata na nimeitandaza. Mawe mazuri yalikwenda benki. Hapa tulileta yale ambayo wenye majengo waliyakataa, yaliyokuwa na uchafu. Tuliuita uchafu. Nyapara wetu alisimama pale mlangoni siku nzima anapiga kelele: uso mchafu chini! Uso mchafu chini! Basi tukalaza uso mchafu chini, na penye uchafu pande zote mbili, tukaweka ule wenye nafuu juu. Nimekasirikia watu miaka thelathini na moja ili nisiukumbuke mkono wangu. Mama Ndoo, lete maji."

"Mzee, mpangilio wa ratiba—" ofisa alianza.

"Ondoeni zulia."

Hakuna mtu duniani anayeondoa zulia haraka kuliko watoto arobaini walioambiwa na mtu mzima. Walilikunja wakicheka, wakalisukuma mpaka ukutani, wengine wamekaa juu yake kama wanaendesha gari. Wazazi wakainua viti. Ofisa alishika kichwa. Sakafu ikabaki wazi, ya kijivu, imechakaa, haipendezi kwenye picha.

"Tunatazama nini?" mzazi mmoja aliuliza.

Mama Ndoo hakumjibu. Alitia dekio kwenye ndoo, akakamua kidogo tu, akaanzia mlangoni. Anapiga deki kwa kurudi nyuma, kwa mapana, mkono wa kulia kwenda wa kushoto, bila haraka, kama alivyofanya kila asubuhi bila ya mtu kumtazama. Na nyuma ya dekio sakafu ikawa nyeusi, na katika weusi wakatoka.

Kwanza wachache. Kalamu moja, ndefu kama kidole, imechongwa ncha. Vifungo. Kisha kombe zenye mistari kama kiganja, moja juu ya nyingine, kana kwamba zimekusanywa kwa ufagio. Kisha akafika katikati ya ukumbi, na katikati ya ukumbi lilikuwa sega, matumbawe, vyumba vidogo vya pembe sita vimeshikana kutoka bamba moja hadi la pili hadi la tatu. Tuliyakata kwa msumeno bila huruma na bado yameendelea yenyewe, yanavuka nyufa za saruji kama hayajali. Kisha pembe za kondoo. Moja. Nne. Nikaacha kuhesabu, mimi.

Ukumbi wa watu mia mbili, na ulichosikia ni kitambaa cha dekio kikigusa jiwe. Watoto walirudi nyuma hatua kwa hatua mbele ya maji, wakitazama miguuni mwao, na mmoja alivua viatu bila kuambiwa. Wakavua wote. Nikamwona mzazi mmoja, mwanamume mzima, anavua vyake na kuvishika kifuani.

"Ilikuwa bahari," nilisema. Nilisema taratibu, na sauti ikashuka. Kumbe inajua. "Hapa. Kilima kilikuwa chini ya bahari kabla hakijawa kilima. Kutoka hapa mpaka bahari ya leo ni siku mbili kwa basi, lakini hawa hawakuletwa. Waliishi hapa. Walikufa hapa, wakalala kwenye tope, na tope likawa jiwe likiwa limewashika, kabla ya mtu, kabla ya simba na tembo, kabla hapajakuwa na jicho la mtu la kuwaona."

"Wanaitwaje?" msichana mmoja wa mbele aliuliza.

"Visukuku. Huyu wa kujikunja sisi tulimwita pembe ya kondoo."

"Lakini alikuwa mnyama gani?"

Hapo nilikwama, na ikabidi niseme ukweli. Elimu yangu yote nimeipata kwenye juzuu moja la kamusi elezo lililotupwa na maktaba, lile la K hadi M. Niulize kuhusu kangaruu, kinyonga, lava, madini au mkojo, sina mpinzani. Nje ya hapo nakisia.

"Kitabu changu," nilisema, "kwenye Kisukuku kimeandika: kuhusu wanyama wa namna hii, tazama Pweza. Na juzuu la P sina."

Kicheko kilichotoka kilitikisa madirisha. Mwanangu alicheka mpaka akashika ukuta. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomchekesha; tarehe hiyo sina.

"Pweza ni binamu yake, baba," alisema akifuta macho. "Ni pweza mwenye nyumba. Miaka yote hiyo ungeniuliza tu."

Kisha akafanya kama mwalimu afanyavyo: hakusubiri watu wapoe. Aligawa karatasi na vipande vya mkaa. Unaweka karatasi juu ya mnyama, unasugua na mkaa uliolala ubavu, mbavu zake zinapanda juu ya karatasi zenyewe. Hakuna kuchora, hakuna kukosea. Watoto walilala kifudifudi sakafuni wakisugua, na kila mara mmoja anapiga yowe: "Amekuja! Huyu wangu amekuja!" Wazazi wakaanza kuomba karatasi. Karatasi zikaisha.

Nilikuwa nimeshika kurasa kumi na moja, nyuma hazijaandikwa kitu. Nikazigawa. Ule wa nne aliuchukua msichana mwenye swali, na akamtolea Bwana Mkubwa mgongoni mwa majina kumi na sita.

*

Ofisa utamaduni alinijia wakati sakafu inaanza kukauka. Suruali yake ilikuwa imelowa magotini, kwa hiyo alipiga magoti, ingawa sikumwona.

"Mzee Barua, ni jambo kubwa. Kubwa sana. Nitaandika barua kwenda juu kupendekeza..."

"Usiniandikie barua, kijana."

"Lakini mkataba umesainiwa. Jumatatu fundi anaanza. Nafanyaje?"

"Fundi mwenyewe yuko hapa," alisema fundi vigae.

Alikuwa amesogea mpaka mbele. Mtu mrefu, mkimya, kucha zimejaa saruji. Alishusha mfuko begani akatoa ndani yake kitu kilichofungwa kwenye shati kuukuu, akakiweka sakafuni kwa mikono miwili.

"Alhamisi nilivunja bamba moja kule nyuma," alisema. "Vifusi vyote nilivitupa. Hiki nikashindwa. Nimelala nacho siku mbili chini ya mto, mke wangu anauliza hicho nini, namwambia jiwe, anasema naona ni jiwe. Sikuwa na wa kumpelekea. Nikaona nitachekwa." Alinigeukia. "Mzee, ulisema uso mchafu uliuweka chini?"

"Chini. Wote."

Akafungua shati.

Kilikuwa kipande cha ukubwa wa kitabu. Upande wa juu, uliokanyagwa, ulikuwa na vifungo viwili. Akakigeuza.

Samaki. Mzima, urefu wa kiganja, amepinda kidogo kama anayegeuka kumkimbia mtu. Kila mwiba upo. Magamba yapo, yamepangwa kama vigae vya paa, na fundi alikuwa akipitisha kidole juu yake bila kuyagusa. Tundu la jicho lilikuwa limezibwa na jiwe lenye kung'aa, na lilipopata mwanga wa dirisha likatutazama.

Nililala kifudifudi juu ya jiwe lile nikiwa kijana, nikisawazisha saruji. Sikumwona. Nilimgeuza uso chini kwa sababu nyapara alipiga kelele.

Ofisa alikuwa wa kwanza kuvuta pumzi. "Chini ya kila bamba?"

"Si kila moja," nilisema. "Lakini mengi. Huu mnaouona juu ni uso wenye nafuu."

Watu wote, kwa pamoja, walitazama miguuni mwao. Na wakaanza kukanyaga kwa upole, kama walio ndani ya nyumba yenye mtoto aliyelala.

"Basi tufungue," ofisa alisema, macho yamemtoka. "Mawili matatu tu. Fundi si yupo? Tuone!"

Sitadanganya: nilitaka. Maisha yangu yote nimedai kila kilichofunikwa kifunuliwe. Ningempa fundi nyundo kwa mkono wangu. Nikamtazama yeye.

Akatikisa kichwa. "Yanavunjika, bosi. Hilo lilikatika vipande kumi na nne, nikaokota kimoja. Saruji imeyashika. Sina namna ya kuyatoa mazima, na sijui mtu mwenye nayo. Mimi nyundo yangu hapa haishuki tena. Tafuta fundi mwingine, na ukimpata nitakuja kusimama juu ya bamba analotaka kuvunja."

"Na mimi," alisema Mama Ndoo, "na dekio langu."

Ofisa alinigeukia. Wote walinigeukia, nilikuwa mtu wa kelele, walisubiri kelele.

"Waacheni," nilisema. "Tunajua wapo. Inatosha."

Ofisa, kijana wa haki, akatazama sakafu iliyokuwa ikififia, akatazama kipande cha samaki, akatazama mlango wenye maboksi nyuma yake.

"Vigae je? Nitasema nini? Vimeshanunuliwa."

"Umeingia vyoo vyetu lini?" Mama Ndoo aliuliza.

*

Jumatatu fundi alianza kazi vyooni. Vinang'aa, vinapendeza kwenye picha, kama kuna mtu wa kupiga picha huko. Tembo waliondolewa ukutani isipokuwa yule mwenye viatu. Niliomba abaki, amekaa katikati ya karatasi za mkaa, na miongoni mwazo zipo kumi na moja zenye mwandiko wangu nyuma. Ofisa aliandika kibao cha mlangoni: Karibu. Tafadhali vua viatu. Mwanangu amehamisha somo lake la asubuhi ya Jumatatu kutoka darasani kwenda pale.

Mimi nakwenda saa moja, kabla yao. Jumatatu ile ya kwanza nilimkuta Mama Ndoo anajaza maji, nikaomba dekio.

"Thubutu," alisema. "Wewe unalowesha mno, utaniachia madimbwi. Kaa pale."

Nikakaa pale, nimevua viatu, mgongo ukutani, bila karatasi. Akaanzia mlangoni, akirudi nyuma, mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Wakatoka. Walikaa dakika mbili tatu, kama alivyosema, kisha ukingo wa ukavu ukaanza kuwala, vifungo kwanza, kisha kombe, kisha sega, na wa mwisho kabisa Bwana Mkubwa, mzunguko wa nje, mzunguko wa ndani. Niliwasubiri mpaka wakaisha. Miguu yangu ilikuwa juu ya bamba lenye alama tatu, na chini yake, umbali wa unene wa vidole vinne, kuna uso nilioulaza mimi, na sijui una nini.